Nasibu Yenye Kanuni: Tarihi ya Kumetameta kwa Nyota za Eksirei

Kaskazini ya mji wa Malindi, mkabala wa kijiji cha Ngomeni, Waitaliani walisimamisha katika miaka ya 1960 majukwaa mawili ya chuma juu ya maji ya ghuba ya Ungwana, moja likiitwa San Marco, ambalo ndilo lililobeba roketi, na la pili Santa Rita, walimokaa wahandisi wenye kuhesabu dakika na kutoa amri. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, ambaye alitambua mapema kuliko wengi faida ya kurusha vyombo kutoka mahali palipo karibu na Ikweta. Na ilipofika tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Wakenya walikuwa wakiadhimisha mwaka wa saba tangu kujitawala, iliruka kutoka jukwaa la San Marco roketi ya Kimarekani ya aina ya Scout, ikiwa imechukua setilaiti iliyoandikwa katika madaftari ya NASA kwa jina la SAS-A, yenye uzani usiofika kilo 150, ambayo Marjorie Townsend, bibi aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wa pwani ile.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati tu. Dunia inapojizungusha, kila kilichopo kwenye Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo huo bure, bila ya kuulipia kwa fueli. Fauka ya hayo, chombo kinachozunguka juu ya Ikweta huepukana kwa kiasi kikubwa na ule ukanda wa chembe zenye umeme ambao juu ya Atlantiki ya Kusini hushuka karibu na dunia na kuvivuruga vipimo vyote vya eksirei. Kwa sababu hizo jukwaa lile lile lilirusha SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975, hata ikawa kwamba mwandishi anayesimulia habari za nyota za eksirei pasipo kuitaja Malindi amekata ukurasa mzima katika kitabu chake.

Ilimu ya nyota za eksirei, ambayo Uhuru ilirushwa kuitumikia, ilikuwa bado changa. Eksirei zitokazo mbinguni hazifiki ardhini, kwa kuwa hewa huzimeza zote huko juu, na kwa hiyo wanafalaki wa karne nyingi, pamoja na mabingwa wa Baghdad na Samarkand waliozipima nyota kwa usturlabu, hawakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba kuna anga nyingine iliyojaa nyota za namna nyingine. Karibu na saa sita za usiku wa tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi, kijana wa Genoa aliyehamia Marekani, akiwa pamoja na Herbert Gursky, Frank Paolini na mzee wao Bruno Rossi, walirusha roketi ndogo kutoka White Sands katika jimbo la New Mexico, wakidai kuwa wanatafuta eksirei zinazorudishwa na uso wa mwezi. Na katika muda usiofika dakika sita ambao vipimo vyao vilikuwa juu ya hewa nzito, hawakuuona mwezi bali waliona kitu king'aacho kupita kiasi upande wa buruji ya Akarabu, kitu ambacho baadaye kilipewa jina la Scorpius X-1. Miaka miwili baadaye roketi ya maabara ya jeshi la majini la Marekani ilikiona kingine katika kundi la Cygnus, kikaitwa Cygnus X-1, na hicho ndicho kitakachotushughulisha zaidi katika habari hii.

Ni moto gani huo unaowaka kwa eksirei? Mwaka 1967 Mrusi Iosif Shklovsky alitoa hoja kwamba Scorpius X-1 si nyota moja bali ni mbili zinazozungukana kwa ukaribu mno, ya kwanza nyota ya kawaida, na ya pili nyota ya nyutroni, yaani masalio ya nyota iliyokufa, yenye maada nyingi kuliko jua letu ilhali upana wake hauzidi ule wa mji. Na kwamba gesi ya nyota ya kwanza huvutwa ikaiangukia ya pili, ikapata joto la mamilioni ya digrii. Hesabu yake haina ugumu: gramu moja ya gesi iangukayo juu ya nyota ya nyutroni hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo gramu moja ya haidrojeni hutoa ndani ya jua. Hoja ilikuwa nzuri, lakini roketi zinazokaa juu dakika tano kisha zikaanguka hazingeweza kuithibitisha, kwani asiyeitazama nyota ila dakika tano atajuaje tabia zake?

Hapo ndipo Uhuru ilipokuja na jambo jipya, nalo ni subira. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja chenye uwazi wa sentimita mraba 840, vikijizungusha polepole na kuipitia anga, na eksirei zilizoingia zilihesabiwa katika vipande vifupi vya muda, hata vya sekunde 0.096. Katika mwaka wa kwanza iligundulika kwamba nyota ya Centaurus X-3 hupiga kwa kipindi cha sekunde 4.84, sawasawa bila ya kukosea. Na walipoendelea kuitazama, Ethan Schreier na wenzake waliona kwamba mapigo hayo hukaribiana na kuachana kidogo kidogo kwa mzunguko wa siku 2.087, na kwamba katika kila mzunguko nyota hiyo hupotea kwa karibu nusu ya siku na kurudi, dalili isiyo na shaka ya kitu kinachoizunguka nyota nyingine na kujificha nyuma yake. Kisha ikaja Hercules X-1, yenye kipindi cha sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7. Hoja ya Shklovsky ikasimama kwa miguu yake, na Giacconi, baada ya miaka thelathini ya kungoja, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Vipindi hivyo vilileta furaha kubwa, lakini vilileta pia mazoea, na mazoea katika ilimu ni jambo la kuogopwa. Watu waliona kwamba kila nyota ya eksirei lazima iwe na saa ndani yake, na kwamba kazi ya mwanafalaki ni kuitafuta saa hiyo. Cygnus X-1 ilikuwa ikibadilika kwa haraka kuliko zote. Mng'ao wake ulipanda na kushuka katika muda mdogo kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao nuru yenyewe haiwezi kwenda zaidi ya kilomita 30,000, na kwa kuwa kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko nuru inavyokivuka, ilibainika kwamba mahali pa moto ule ni padogo mno ukipalinganisha na jua, ambalo upana wake unapita kilomita 1,390,000. Mwaka 1971 Minoru Oda wa Japani, mtu hodari aliyebuni mojawapo ya vyombo bora vya kupimia mahali zilipo nyota hizo, pamoja na watu wa Uhuru, walitangaza kwamba Cygnus X-1 inapiga, na wakataja kipindi cha milisekunde 73. Wengine wakachukua vipimo vyao, wakafanya hesabu ile ile, nao wakapata vipindi. Lakini vipindi hivyo havikulingana, na mara nyingine kipindi kilichoonekana katika kipande kimoja cha data hakikuonekana katika kipande kilichofuata. Je, saa ilikuwa inabadilisha mwendo, au zilikuwapo saa nyingi, au hapakuwa na saa kabisa?

Jibu la tatu lilitolewa mwaka 1972 na James Terrell, mtaalamu wa maabara ya Los Alamos, katika makala fupi ambayo kwa maoni yangu inastahili kuhesabiwa miongoni mwa makala za busara zaidi katika ilimu hii, ijapokuwa haikugundua nyota hata moja. Terrell hakuirusha roketi wala hakuitazama anga, bali alikaa na mashine ya hesabu akatengeneza nyota ya uongo: akaamuru mimweko midogo itokee kwa nasibu tupu, kila mmoja ukidumu sehemu ya sekunde na kuzimika, pasipo mmoja kujua habari ya mwingine, kisha akaijumlisha yote pamoja. Nyota hiyo ya uongo, ambayo yeye mwenyewe aliyeitengeneza alijua fika kwamba haina saa, ilimetameta kama Cygnus X-1, na ilipopitishwa katika hesabu za kutafuta vipindi, ikatoa vipindi, vikaja na kutoweka vile vile. Mtu alalaye chini ya paa la bati wakati wa mvua ya rasharasha husikia pengine mapigo yenye utaratibu, akadhani kwamba matone yamepatana, ilhali hayakupatana lolote. Sikio la mwanadamu limeumbwa kutafuta ngoma, na lisipoipata huitunga.

Inafaa tukae kidogo juu ya hesabu hizo, kwani makosa ya watu wale hayakutokana na uzembe. Asili yake ni Mfaransa Joseph Fourier, yule aliyefuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, na ambaye baadaye, katika kuchunguza mwendo wa joto, alionyesha kwamba mabadiliko yoyote yale, hata yawe yamevurugika kiasi gani, yanaweza kuchambuliwa yakawa jumla ya mawimbi safi, mengine ya polepole na mengine ya haraka. Mwaka 1898 Arthur Schuster, aliyekuwa akifundisha Manchester, aliitumia hekima hiyo kutafuta vipindi vilivyofichika katika vipimo vya maumbile: kwa kila idadi ya marudio huhesabiwa nguvu ya wimbi lake, na nguvu zote zikapangwa katika mchoro, ili panapokuwa na kipindi cha kweli pasimame mlingoti mrefu. Kazi hiyo kwa mkono ilikuwa mateso, lakini mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walitangaza njia ya mkato ambayo kompyuta iliweza kuifanya kwa muda mchache, na tangu hapo kila mwenye data na kompyuta aliweza kuchora mchoro wa nguvu apendavyo.

Lakini mchoro huo una hila ndani yake. Chukua vipimo visivyo na kitu ila nasibu, uvichambue, na utaona kwamba milingoti haikai sawa, bali mmoja ni mfupi na jirani yake ni mrefu mara tano, kwa kuwa kanuni ya nasibu inataka mtawanyo wa nguvu katika kila idadi ya marudio ulingane na wastani wake wenyewe. La ajabu zaidi, na ambalo huwashangaza wanafunzi hadi leo, ni kwamba kuongeza vipimo hakupunguzi mtawanyo huo hata kidogo. Aliyeitazama nyota saa kumi hapati mchoro laini kuliko aliyeitazama saa moja, bali hupata milingoti mingi zaidi iliyo na ukorofi ule ule. Dawa ni kuzikata data katika vipande vingi, kila kipande kichorwe peke yake, kisha michoro ijumlishwe na kutafutiwa wastani, ndipo nasibu inapotulia na umbo la kweli kujitokeza. Na tena kuna suala la idadi ya majaribio: ikiwa mlingoti fulani una nafasi moja katika elfu ya kutokea bure, na mtu amechunguza marudio 10,000, basi asishangae kuipata kumi ya namna hiyo, wala asikimbilie kuichapisha.

Somo hilo halikueleweka kwa siku moja. Mwaka 1973 wataalamu wa kituo cha Goddard, wakiongozwa na Richard Rothschild, walirusha roketi na kuona katika Cygnus X-1 mimweko iliyodumu milisekunde moja tu, jambo lililowafurahisha wengi, maana muda huo unaelekea kulingana na mzunguko wa gesi iliyo ukingoni mwa shimo jeusi. Lakini mwaka 1978 Martin Weisskopf na Peter Sutherland waliipitia hoja ile kwa takwimu, wakaonyesha kwamba mimweko mirefu zaidi, ikijumlishwa kwa nasibu, yaweza kuleta mfano wa ile mifupi. Wakati huo huo suala la Cygnus X-1 ni kitu gani lilikuwa limeamuliwa kwa njia nyingine kabisa, kwa kuitazama kwa nuru ya kawaida nyota iitwayo HDE 226868, ambayo Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, waligundua kuwa inakizunguka kitu kisichoonekana kila siku 5.6, kitu kizito mno kuwa nyota ya nyutroni. Vipimo vya mwaka 2021 vinasema kwamba uzito wake ni kama majua 21. Kitu cha uzito huo ni shimo jeusi, na shimo jeusi halina uso, na kisicho na uso hakina mahali pa kuwekea alama ya moto izungukayo na kupiga kama Centaurus X-3. Wale waliotafuta saa katika Cygnus X-1 walikuwa wakiitafuta pale ambapo maumbile hayakuiweka.

Katika miaka ya 1980 maarifa hayo yalipata nidhamu. Mwaka 1983 Denis Leahy na wenzake walitafuta mapigo katika nyota nne za eksirei zilizomo ndani ya vishada vya nyota, wala hawakuyapata, lakini ili kusema kwa haki kwamba hawakuyapata walilazimika kuweka kipimo cha haki, na wakaupanga mchoro wa nguvu kwa namna ambayo nasibu tupu ya kuhesabu eksirei, ile ambayo Siméon Denis Poisson aliieleza tangu mwaka 1837, iwe daima na wastani wa 2. Kuanzia hapo kila mtaalamu, awe Tokyo au Amsterdam, aliweza kusoma mchoro wa mwenzake na kujua mara moja kipi ni cha nyota na kipi ni cha kihesabio. Ni watu wachache waliojipatia umaarufu mkubwa namna hiyo kwa makala ya kutokupata kitu.

Mwaka huo huo wa 1983 Wazungu walirusha setilaiti yao EXOSAT, ambayo njia yake ilikuwa ndefu hata ikaweza kuitazama nyota moja kwa siku kadhaa bila ya dunia kuingia kati. Na lilikuwapo jambo walilolitamani. Mwaka 1982 ilipatikana nyota ya nyutroni ipigayo mara 642 kwa sekunde, na wenye nadharia wakasema kwamba nyota hizo za mbio zilizungushwa na gesi iliyoziangukia kwa muda mrefu zilipokuwa na wenza. Basi nyota za eksirei za zamani lazima ziwe zinazunguka kwa kasi hiyo hivi sasa, na mapigo yao yatafutwe. Michiel van der Klis, Mholanzi, akaitazama GX 5-1, iliyo upande wa buruji ya Kausi, akafanya kazi yake kwa adabu yote ya takwimu, akakata data vipande vipande na kutafuta wastani wa michoro, na alichokiona hakikuwa mlingoti mwembamba wa saa bali ni kilima kipana, baina ya marudio 20 na 40 kwa sekunde, ambacho kilihamia juu kila nyota ilipong'aa zaidi. Mapigo hayo yalikuwa karibu na kuwa ya kipindi, lakini hayakuwa ya kipindi. Yaliendelea mara chache, yakasahau hesabu yao, yakaanza upya. Mtu wa mwaka 1971 angeyatupa au angeyaita saa; yeye aliyachapisha mwaka 1985 kama yalivyo, na papo hapo ukafunguka mlango ambao haujafungwa hadi leo.

Ili kuona zaidi ilihitajika kuhesabu eksirei nyingi zaidi, kwani nasibu hushindwa kwa wingi. Tarehe 30 Desemba 1995 Marekani ilirusha chombo kilichopewa jina la Bruno Rossi, yule mzee wa mwaka 1962, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla; vihesabio vyake vitano vilikuwa na jumla ya sentimita mraba 6,500 hivi, na saa yake iliweza kuitambua kila eksirei kwa sehemu ya milioni ya sekunde. Haukupita muda, na katika mwaka 1996 vikundi viwili vikaona, kimoja katika Scorpius X-1 na kingine katika 4U 1728-34, mapigo ya namna ile ya kusahau hesabu, lakini yenye kufika marudio 1,100 kwa sekunde. Kwa nyota ya nyutroni yenye uzito wa jua moja na nusu hivi, gesi inayozunguka kwa idadi hiyo iko kilomita 16 tu kutoka kitovuni, karibu kuugusa uso wa nyota yenyewe. Na hakuna darubini, iwe kubwa kiasi gani, iwezayo kupaona mahali padogo hivyo kwa umbali huo, isipokuwa hesabu. Nami naomba msomaji aiangalie ile 4U iliyo mwanzoni mwa jina la 4U 1728-34, ambayo maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru, ile iliyokusanya vyanzo 339 vya eksirei na ambayo mabingwa wa nchi zote wanaitaja kila siku.

Malindi haikuishia katika orodha. Setilaiti ya Kiitaliani na Kiholanzi iitwayo BeppoSAX, iliyorushwa kutoka Florida mwezi wa Aprili 1996 katika njia ya karibu na Ikweta, ilikuwa ikipita juu ya pwani yetu katika kila mzunguko wake na kuteremsha habari zake katika kituo cha Malindi; na mwezi wa Septemba mwaka huo iliona nyota mpya ya eksirei, ikaandikwa SAX J1808.4-3658. Nyota hiyo ikazimika, na ilipowaka tena mwezi wa Aprili 1998, Rudy Wijnands na van der Klis waliielekezea chombo cha Rossi, wakaona mlingoti mmoja mwembamba, usiohama, katika marudio 401 kwa sekunde. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa, na Deepto Chakrabarty na Edward Morgan wakaonyesha kwamba inazungukana na mwenzake kwa muda wa saa mbili. Waliosema mwaka 1982 kwamba nyota za mbio huzungushwa na gesi walingoja miaka kumi na sita, wakapata burhani yao. Tofauti kati ya mlingoti huu na vile vipindi vya Cygnus X-1 haikuwa ya macho, kwani kwa macho yote ni milingoti. Ilikuwa ni kwamba sasa watu walijua nasibu inaweza kufanya nini na nini haiwezi.

Yamebaki ya ile nasibu yenyewe. Baada ya Terrell wataalamu wengi waliridhika na nyota ya mimweko, wakawa wanairekebisha, mara mimweko ya urefu mmoja, mara ya urefu mbalimbali, madhali mchoro wa nguvu unalingana. Na kwa karibu miaka thelathini hakuna aliyeuliza swali ambalo kwa kweli ni jepesi, yaani je, kumetameta kunakuwa kukubwa nyota inapong'aa zaidi? Mwaka 2001 Phil Uttley na Ian McHardy wa Southampton waliliuliza. Wakazikata data za Cygnus X-1 katika vipande vya sekunde moja moja, wakapima kila kipande mng'ao wake na mtawanyo wake, wakavipanga vipande kwa mng'ao, na nukta zikalala juu ya mstari ulionyoka: nyota inapong'aa mara mbili, kumetameta nako huelekea kuzidi kwa kadiri hiyo hiyo. Wakaijaribu ile SAX J1808, nayo ikatoa mstari.

Mstari huo uliiangusha nadharia ya mimweko inayojumlishwa, na sababu yake ni hii. Ikiwa mimweko haijuani, basi mdogo wa haraka hauna habari kama ule mkubwa wa polepole umepanda au umeshuka, na ukubwa wake hautegemei mng'ao wa wakati ule. Ilhali mstari unasema kwamba mabadiliko ya haraka yanaijua hali ya mabadiliko ya polepole na kuifuata. Mambo ya nasibu yaliyojumlishwa hayawezi kujuana hivyo. Yaliyozidishwa ndiyo yawezayo. Na hapo watu wakaikumbuka makala ya mwaka 1997 ya Yuri Lyubarskii wa Kharkov, aliyeeleza kwamba katika ile diski ya gesi inayozunguka kabla ya kuanguka, kila umbali una machafuko yake, ya nje yakiwa ya polepole na ya ndani ya haraka. Machafuko ya nje yakiongeza au kupunguza mtiririko wa gesi, nyongeza hiyo husafiri kuelekea ndani, na kila ifikapo huzidishwa na machafuko ya mahali hapo, hata ikifika kitovuni, zinakotoka eksirei, inakuwa imebeba kumbukumbu ya diski nzima. Mwaka 2005 Uttley na McHardy, pamoja na Simon Vaughan, walionyesha linalofuata kwa lazima: kwa kuwa logi ya zao la kuzidisha ni jumla ya logi za vilivyozidishwa, mng'ao wa Cygnus X-1 wenyewe hautawanyiki kwa ile kengele ya kawaida ya takwimu, bali logi yake ndiyo itawanyikayo hivyo. Vipimo vikakubaliana nao.

Yapo yanayobishaniwa hadi leo, hasa sababu ya yale mapigo ya kusahau hesabu, ambayo wengine huyahusisha na kuyumba kwa diski iliyoinama mbele ya shimo jeusi linalozunguka, na wengine huyahusisha na mawimbi ya ndani ya diski, na kila upande una nadharia nyingi kuliko vipimo vya kuzichuja. Lakini lile la machafuko yanayozidishwa limeenea. Mwaka 2006 McHardy na wenzake walionyesha kwamba mashimo meusi makubwa mno yaliyo katikati ya galaksi, yenye uzito wa mamilioni ya majua, humetameta kwa umbo lile lile la Cygnus X-1, ila kwa mwendo uliorefushwa kwa kadiri ya uzito wao na kiasi cha gesi yanachokipokea, kinachochukua sehemu ya sekunde hapa huchukua siku nyingi kule. Na mwaka 2012, mwaka ambao chombo cha Rossi kilizimwa baada ya miaka kumi na sita ya kuhesabu, Simone Scaringi na wenzake walichukua vipimo vya setilaiti ya Kepler, ambayo ilirushwa kutafuta sayari wala haijui eksirei, wakaitazama kwa nuru ya kawaida nyota iitwayo MV Lyrae, ambayo gesi yake huiangukia nyota kibete nyeupe, isiyo shimo jeusi wala nyota ya nyutroni, yenye upana kama wa dunia yetu. Wakavipanga vipande kwa mng'ao, na nukta zikalala juu ya mstari.